"Wajinga ndio waliwao": mbona mlaji hatajwi?

Wiki iliyopita shangazi yangu katapeliwa hapa Tanga, Ngamiani, mchana kweupe. Kijana kamwonyesha simu, kaiwasha mbele yake, kairudisha kwenye boksi, wakapatana laki moja na nusu. Kufika nyumbani anafungua: kipande cha sabuni ya mche kimeviringishwa gazeti, kimekatwa kwa ufundi hata uzito ukalingana na wa simu. Na hela yenyewe ilikuwa ya mchezo, siku ile ndiyo zamu yake ya kupokea.

Jioni habari ikafika barazani, kwenye kahawa. Mzee mmoja ninayemheshimu sana akasema, "Wajinga ndio waliwao." Watu wakacheka, maneno yakahamia kwenye mpira. Shangazi yuko dirishani, anasikia yote. Polisi hakwenda. Nilipomsihi akanijibu, "Niende nikachekwe na huko, mwanangu?"

Nasema hivi: methali hii tuache kumwambia mtu aliyekwisha kuumia. Itazameni vizuri. "Waliwao." Wanaoliwa wametajwa, tena kwa jina baya, anayekula hayumo kabisa. Kijana wa sabuni katoka safi ndani ya methali yetu, na kesho yuko palepale.

Mzee yule nilimfuata kesho yake, nikamwamkia, nikamweleza. Akaniambia methali ni onyo, wazee waliitunga ili watu wafumbue macho. Nakubali, kabla ya kununua ni onyo. Lakini baada ya hasara inamfunza nani? Inamfunza aliyeibiwa kunyamaza tu.

Si sisi peke yetu. Waingereza nao husema mjinga na fedha zake hawakai pamoja muda mrefu. Ila wana nyingine ninayoipenda zaidi: ukinihadaa mara moja, aibu yako, ukinihadaa mara mbili, aibu yangu. Hapo aibu ya kwanza imewekwa mlangoni kwa mwenyewe, aliyehadaa.

Waakan wa Ghana wao husema hekima haikai kichwani mwa mtu mmoja. Wana na hadithi ya Ananse, buibui mjanja kuliko wote, aliyekusanya hekima yote ya dunia ndani ya chungu akaenda kukificha juu ya mti. Kakifunga tumboni, kila akipanda kinamzuia. Mwanawe akamwambia kutoka chini, "Baba, kifunge mgongoni." Hekima yote alikuwa nayo yeye, na bado mtoto alikuwa na akili ambayo chungu hakikuwa nayo! Kwa hasira chungu kikamponyoka, kikavunjika. Basi tunaocheka barazani tuna uhakika gani kwamba hakuna sabuni inayotungoja?

Na kwetu zipo za kumwambia mtu kama shangazi. Kuuliza si ujinga. Mjinga akierevuka, mwerevu yu mashakani. Hii ya pili ningependa watoto waijue kama wanavyoijua ile ya kuliwa, maana ile hata wa darasa la tatu ukimwanzia anakumalizia.

Wadigo, Wabondei, Wasambaa, Wasegeju, Wazigua mliomo humu: kwenu mna methali inayomsema tapeli mwenyewe, si aliyetapeliwa? Ileteni kwa lugha yenu na maana yake. Na anayeona namwonea mzee wangu aseme pia, nitamjibu.