Watunzi na waongozaji wa filamu zetu, mama zetu wamewakosea nini?

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha.

Mama yangu ana miaka 72. Nilimleta kwangu Dar kutoka Tanga alipotolewa mtoto wa jicho, na tangu hapo anaishi na mimi, mke wangu na wajukuu wake wawili. Jumapili asubuhi jiko lilikuwa lake. Anapika mkate wa kumimina, anauacha upoe kidogo, anaukata, kipande cha kwanza ananipa mimi kwa mkono wake mbele ya wanangu. Nina mvi kichwani lakini kile kipande nakila nimesimama palepale mlangoni pa jiko, kama nilivyokuwa nakila nina miaka saba. Yeye na mke wangu hawajawahi kutupiana neno baya.

Wiki mbili zilizopita tumekaa sebuleni wote, saa tatu usiku, tunaangalia tamthilia moja ya hapahapa nyumbani. Jina silitaji. Ndani yake kuna mama kaja mjini kukaa kwa mwanawe. Hata dakika kumi hazijaisha, kamera ikamsogelea usoni, ule muziki wa kutisha ukaanza, mama akafungua fundo la kanga, akatoa unga mweusi, akaukoroga kwenye uji wa mkaza mwana wake mwenye mimba. Pale sebuleni hakuna aliyesema kitu. Binti yangu wa miaka sita akageuka akamtazama bibi yake. Alimtazama tu, basi. Mama akakusanya kanga zake, akasema macho yamechoka, akaenda kulala.

Jumapili iliyofuata hakukuwa na mkate. Nikamfuata chumbani nikidhani anaumwa. Akaniambia, "Mwache mkeo apike, mwanangu. Mimi nimeshazeeka." Nikambana. Ndipo akasema, "Mtoto akiumwa tumbo humu ndani, mtamtazama nani?"

Sasa nawauliza nyinyi mnaotunga na nyinyi mnaoongoza: hivi mama wa mwanaume mnamjua kwa sura ngapi? Mimi nimekaa nikazihesabu, nimepata mbili. Ya kwanza ni huyo mchawi, au mkorofi anayemnyanyasa mke wa mwanawe mpaka ndoa inavunjika. Ya pili ni mgonjwa. Kalazwa kwenye mkeka kijijini, anakohoa, mtoto anaaga kwenda mjini kutafuta hela ya dawa, mama anakufa kabla filamu haijachangamka, na kazi yake imeishia hapo: kumpa stelingi sababu ya kulia. Huyu mama haongei na mwanawe jambo lolote la maana. Hamuulizi mbona hulali. Hamwambii kwamba hapa umekosea. Hana kazi, hana mashoga, hana deni la kikoba, hana hata utani. Ni kikohozi na mkeka.

Msinijibu kwamba tumeyatoa Nigeria. Najua. Wote tulikua tukiziangalia zile kanda, na Patience Ozokwor alikuwa akitokea tu kwenye kioo tunajua ndoa ya mtu imekwisha. Yule mama ni fundi wa kuigiza na simlaumu. Nawalaumu nyinyi mliomchukua mhusika mmoja wa kule mkamfanya ndiye mama wa kila mwanaume wa huku, mwaka hadi mwaka, kana kwamba hamkuzaliwa na mtu.

Na asije mtu hapa kuniambia ni burudani tu. Tunaishi kwenye nchi ambayo vikongwe wameuawa kwa mapanga, Shinyanga, Mwanza na Geita, kwa sababu macho yao ni mekundu. Macho yenyewe yamekuwa mekundu kwa kupikia kuni na kinyesi cha ng'ombe miaka hamsini ndani ya jiko lisilo na dirisha. Wengi waliuawa kwa tuhuma zilizoanzia kwa ndugu na majirani. Halafu wewe, mwenye kamera na taa na bajeti, unamvuta mwigizaji bibi karibu, unampaka wekundu kwenye macho ili watazamaji wajue kwamba ndiye. Umewahi kujiuliza unamfundisha nani, na anafundishwa nini?

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hatukuanza hivi.

Kachukueni Utendi wa Fumo Liyongo ulioandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, na kisa chenyewe ni cha kale kuliko huo utendi. Liyongo kafungwa kwa amri ya mfalme wa Pate, ana pingu, analindwa na askari, anasubiri kuuawa. Mama yake anampelekea chakula kila siku kwa mkono wa kijakazi wao Saada, na kila siku walinzi wanakila chote kizuri. Liyongo anamtuma Saada kwa maneno ya mafumbo. Mama anaelewa. Anaoka mikate mizuri, kisha anaoka mkate mmoja mkubwa wa wishwa, wa makapi, ambao hakuna mlinzi atakayeutamani, na ndani yake anaficha tupa. Walinzi wanachukua mizuri, wa makapi wanamtupia mfungwa. Usiku watu wa mji wanapiga matoazi na pembe kwenye ngoma aliyoiomba yeye mwenyewe, na yeye ndani ya makelele yale anakata pingu.

Hebu tulieni kidogo hapo. Huyo ni mama wa mtu mzima, shujaa, bingwa wa mishale, jitu ambalo mji mzima unaliogopa. Hakulala kwenye mkeka akikohoa. Alijua tamaa za walinzi, alijua mwanawe anafikiri vipi, akatumia unga na akili. Mkate wa mama ulikuwa na tupa ndani. Leo nyinyi mnatuonyesha uji wa mama una sumu ndani. Ni chakula kilekile, kimetoka kwenye mkono uleule. Nani kawaambia mgeuze?

Na mwisho wa kisa, Liyongo ameshachomwa sindano ya shaba kitovuni na mwanawe mwenyewe aliyehongwa, amepiga goti karibu na kisima, upinde umevutwa, watu wanaogopa kuteka maji. Mji una kiu. Wanamwendea nani? Mama yake. Wanamwomba akamsihi mwanawe aondoke. Anaenda akamwimbia, na mwana hageuki, kwa sababu ameshakufa na hakuna anayejua. Nipeni mwongozaji mmoja atakayeipiga picha ile sini, mama na mgongo wa mwanawe, bila uchawi na bila muziki wa kutisha. Nitalipa kiingilio mara kumi.

Kwenye vitabu hali ina nafuu, nakiri. Waliosoma Takadini sekondari wanamkumbuka Sekai, aliyekaa miaka bila mtoto huku wake wenzake wakimsema, akaja kujifungua mtoto mwenye ualbino ambaye mila ya Washona ilitaka afe. Akambeba akatoroka naye. Watoto wa Mama N'tilie cha Emmanuel Mbogo nacho kinatupa mwanamke anayehangaika na sufuria zake huku Lomolomo, mumewe, akilewa, na Peter na dada yake Zita wakiokota takataka kwenye dampo la Tabata. Hawa ni mama wa kweli, ukiwasoma unasikia harufu ya moshi. Ila angalieni: mtoto ni mdogo. Akishaota ndevu, mwandishi wetu hajui tena mama na kijana wake wanaongea nini. Mwana Kupona alimwandikia bintiye utendi mwaka 1858, na mpaka leo tunaunukuu harusini. Shaaban Robert alimwandikia binti yake Utenzi wa Hati, na mwanawe wa kiume akamwandikia Utenzi wa Adili. Mama anayemwandikia mwanawe wa kiume namtafuta. Na mwana anayemjibu mamaye namtafuta pia.

Mama yangu mwenyewe alinisimulia filamu anayoikumbuka kuliko zote, aliyoiona Tanga akiwa msichana, jumba la sinema limejaa wanawake wenye mabuibui. Ni Mother India ya mwaka 1957. Nargis ndiye Radha, mama anayevuta jembe kwa mabega yake ili awalee wanawe, deni la mkopeshaji likimla mwaka hadi mwaka. Kijana wake Birju anageuka jambazi. Siku anayomteka binti wa yule mkopeshaji amchukue kwa nguvu, mama anasimama njiani na bunduki, anampiga risasi mwanawe, kisha anamkumbatia akifa. Mama yangu anasema ukumbi mzima ulilia kwa sauti na hakuna mwanamke aliyemlaani Radha. Walitoka wakibishana njia nzima mpaka nyumbani: wewe ungeweza? Kihindi hawakijui. Filamu ya watu wa mbali, miaka zaidi ya hamsini imepita, na bado inamfanya mama yangu akae wima kwenye kiti anapoieleza. Hiyo tamthilia yenu ya saa tatu usiku imemfanya aache kugusa sufuria.

Sitaki mtuletee mama malaika. Mama zetu wana wivu, wapo wanaoingilia ndoa, wapo wanaopendelea mtoto mmoja mpaka wengine wakaumia hadi uzeeni. Andikeni hayo yote. Mama anayemkatalia mwanawe kumtolea dhamana. Mama aliyemficha mwanawe baba yake ni nani kwa miaka thelathini. Mjane anayetaka kuolewa tena na kijana wake ndiye anayezuia. Nyumba ngapi zina hayo? Kila nyumba! Na hayajapigwa picha, kwa sababu unga mweusi kwenye fundo la kanga ni rahisi.

Naomba wenye kujua filamu au kitabu chetu ambamo mama na mwanawe mtu mzima wanakaa wanaongea kama watu, wakitaje hapa chini. Sitaki ubishi wa timu gani na timu gani. Nataka kukiweka usiku mmoja sebuleni, mama akiwepo na binti yangu akiwepo.

Juzi mke wangu alijaribu kuupika ule mkate mwenyewe ili amvute mama arudi. Mama alifika hadi mlangoni pa jiko, akasimama nje, akawa anamwelekeza: hamira kiasi gani, tui lisiwe zito, iliki uitwange sasa hivi. Mke wangu akamnyooshea bakuli akamwambia, "Mama, hebu onja." Mama akaingiza mikono yote miwili ndani ya kanga.