Tupeane uzoefu: maua ya sukari ya keki na hewa yetu ya pwani, wewe yamekukuta yapi?

BintiMkomani
Asalaam aleikum jamani. Nimeona saa hizi video ya dada mmoja wa bara anafunza mawaridi ya sukari ya keki ya harusi, anasema yaache mezani usiku mmoja, asubuhi utayakuta makavu kakakaka. Nimecheka mpaka mama akauliza kulikoni. Usiku mmoja Lamu?? Mwezi wa tano huu wa mvua nguo zenyewe zinanuka uvundo kambani, petali ya sukari ndio itakauka? Watu wa Lamu, Malindi, Mambrui, mnaopamba keki, hebu mwageni yaliyowakuta.

Bi_Vileja
Yamenikuta. Sitaki hata kukumbuka.

KekiLangoni
BintiMkomani umenitonesha donda. Mimi bi harusi wangu hakutaka mawaridi, alitaka kikuba, asumini na kilua na rehani vyote vya sukari, vishuke ubavuni mwa keki. Na mimi wazo nililipenda manake mawaridi kila mtu anayo. Sasa asumini za sukari si mchezo, vipetali vidogo unavikanda ukingo kwa kijiti mpaka viwe vyembamba mwanga upite, unavishika kwenye waya kimoja kimoja, mabega yanauma, feni huwezi kuwasha unapofanya kazi kwa sababu petali inakauka mkononi kabla hujaipinda, ukimaliza ndio unawasha ikauke, yaani joto lote lako. Yakatoka mazuri mashallah. Nikayapanga kwenye katoni nikaenda kulala. Kuna mgeni nyumbani kwa huruma zake akaona joto hili maua yataharibika, akayatia kwenye friji! Asubuhi nayatoa yako sawasawa, nikasema alhamdulillahi, nikageuka kutafuta mtandio, nageuka tena naona jasho. Kila petali ina jasho. Kitu baridi kikikutana na hewa ya Lamu unyevu wa hewa unageuka maji juu yake, na sukari na maji unavijua wewe. Asumini zikashikana donge, kijani cha rehani kikachuja juu ya nyeupe, na nje wapambaji wanabisha hodi. Nililia kwa kwikwi. Yule mgeni mpaka leo anauliza keki ilikuwaje.

Bi_Vileja
Hapo kwenye jasho nimeacha kusoma 😭

MpishiMaweni
Pole dada. Friji ni ya keki, maua kamwe. Mimi hapa Malindi nayafungia kwenye bakuli la plastiki lenye kifuniko pamoja na vile vipakiti vinavyokuja ndani ya viatu vipya, vinanyonya unyevu, ila visiguse maua na watoto wasivione. Alafu wengi wanatengeneza maua kwa fondanti tupu, ile sukari laini ya kufunikia keki, shida inaanzia hapo. Fondanti mara nyingi inatiwa gliserini makusudi isikauke, sasa wewe unataka ikauke, utangoja mpaka kiyama. Tia ule unga wa CMC unaoifanya ikauke ngumu, kijiko kimoja cha chai kwa robo kilo ya fondanti, paka mkono Kimbo kidogo, kanda, funga kwa plastiki ilale. Au ufanye gampesti yenyewe, ule udongo wa sukari wa maua, ute wa yai na sukari ya aisingi na hio hio CMC.

UkhtyZ
Fondanti ipi lakini? Ile ya marshimelo ina jelatini. Ulizeni jelatini ya mnyama gani kabla hamjatukaribisha harusini.

MpishiMaweni
CMC inatokana na mimea ukhty, tulia.

UkhtyZ
Nimesema jelatini sijasema CMC. Soma kwanza.

RangiTatu
Mimi shida yangu ni rangi. Nikichanganya ile rangi ya unga na maji nikapaka, petali inayeyuka pale pale. Niliyemuuliza akaniambia nitumie vodka inakauka haraka, nikanyamaza tu.

UkhtyZ
Astaghfirullah.

MpishiMaweni
Spiriti yake inapeperuka karibu yote ikikauka.

UkhtyZ
Wewe kaka nitakuja huko Maweni.

KekiLangoni
Na wanaosema tumia esensi ya limau wasome chupa, nyingi zina spiriti ndani. RangiTatu mpenzi paka rangi kavu kwa brashi, usiichanganye na chochote. Kisha pitisha ua juu ya mvuke wa birika kidogo tu, rangi inashika. Kidogo tu nimesema.

BintiMkomani
Mvuke Lamu si ni kufungua dirisha 😂😂

FazaQueen
Nyinyi wa friji hamjaona kitu. Mimi nilipata oda ya harusi Faza, kisiwani Pate, keki ya ngazi, mawaridi na mlangilangi zile petali ndefu zinazoning'inia. Nikasema maua naenda nayo mimi mwenyewe mkononi, simpi mtu. Tukapanda boti hapa Lamu, nahodha anasema twende maji yanatoka, lakini tunamngoja somo wa bi harusi, kungwi wake, amesahau mkoba, mara amesahau udi, mara kuna mtu wa kumuaga. Tunafika Mkanda, ule mkondo mwembamba kati ya Manda na bara, maji hamna. Mnaoijua Mkanda mnanielewa, mikoko huku mikoko huku, boti limekaa kwenye tope na jua utosini. Keki iko kwenye katoni, siagi ya aisingi nasikia harufu yake inavyolainika, maua nimeyapakata nimeyafunika mtandio wangu. Nimefungua kuchungulia na

Bi_Vileja
Na nini???

RangiTatu
Dada usitufanyie hivi

NahodhaWaManda
Kwanza niseme, nahodha habishani na maji. Mkanda inapitika maji yakijaa, kila mtu hapa anajua. Aliyesahau udi ndio mumlaumu.

FazaQueen
Samahani nilikuwa namnyonyesha mtoto. Na petali za mlangilangi zimeanza kuinama moja baada ya moja, ukiigusa inanata. Kuna mtoto kwa pembeni alikuwa ananitazama muda mrefu, nimepiga chafya tu keshanyofoa petali ya waridi keshaitia mdomoni, mamake akampiga kofi, mtoto analia, somo anasema usimpige mtoto kwa ajili ya sukari, mama anasema mtoto wangu nampiga mimi, wakaanza hao. Boti zima likagawanyika mafungu mawili. Mimi niko katikati na maua. Maji yakajaa tukatoka, kule nje kusi inavuma, mawimbi yanarusha, nahodha akachukua turubai akatufunika wote pamoja na maua, kwa nia njema, turubai la maji ya chumvi!! Nimefika Faza nina waya. Waya na vitumba vya katikati, basi.

NahodhaWaManda
Sasa turubai lina kosa gani? Angewaacha mroe?

KekiLangoni
Ikawaje ukatoa keki gani?

FazaQueen
Wanawake walikuwa wamekaa wanatunga vikuba, asumini mbichi tele kwenye ungo. Nikawaomba. Nikasawazisha aisingi kwa kisu, nikafunga vijishada, shina nimelizungushia teipu ya maua alafu nikalitia kwenye kipande cha mrija ndio nikachomeka, waya haichomekwi kwenye keki hivi hivi. Bi harusi akapenda kuliko picha aliyonitumia. Harufu yake sasa.

MtuWaGede
Kwa hivyo maua ya sukari ya nini wakati Mungu ametupa ya kweli bure? Mnajitesa.

KekiLangoni
Tunajitesa kwa sababu mteja amelipa. Na asumini iliyochumwa jioni mchana wa pili ishakuwa rangi ya chai, ya sukari ukiitunza unaiweka ukumbusho kabatini.

DaktariMstaafu
Hapo kwenye maua ya kweli naomba msikilize. Asumini na waridi yasiyopulizwa dawa, sawa. Lakini nimeona keki Malindi imepambwa kwa yale maua ya pinki yanayopandwa kando ya ua za mahoteli, oleanda. Yana sumu, jani na shina na ua, yanagusa moyo. Na franjipani ule utomvu wake mweupe unawasha. Si kila kinachopendeza kiende kwenye chakula.

MtuWaGede
Sawa daktari.

RangiTatu
Jamani oleanda tumeipanda kwetu mlangoni.

DaktariMstaafu
Mlangoni iache. Kwenye keki hapana.

BintiMkomani
Mimi swali dogo, mnaosafirisha kwa punda mnafanyaje? Kutoka gatini mpaka kwetu ni vichochoro vitupu.

KekiLangoni
Punda hapana! Mtafute kijana abebe kichwani, na maua yaende peke yake, yachomekwe pale pale ukumbini keki ikishakaa. Na utengeneze ya ziada, petali zinavunjika hata ukiwa umekaa.

NahodhaWaManda
Punda ana mwendo mzuri kuliko huyo kijana wako anayetazama simu.

Bi_Vileja
FazaQueen wewe hukumaliza. Salio walilipa?

FazaQueen
Walilipa nusu. Nusu ya pili wananiambia niifuate Faza, na nauli juu yangu.

NahodhaWaManda
Bamvua ijayo, maji makuu, nakupeleka. Ila saa ya kuondoka nasema mimi, na somo habebwi.

RangiTatu
Hio CMC mnanunua wapi? Maduka ya hapa Lamu nimezunguka, mmoja kanipa unga wa mahindi laini akaniambia ni kitu kimoja.

MpishiMaweni
Sio kitu kimoja. Ule wa mahindi ni wa kunyunyiza mezani gampesti isigande, na ukizidisha ukingo wa petali unapasuka. Nitumie ujumbe nikufungie ya Malindi niitie kwenye basi la asubuhi, utaipokea Mokowe.

UkhtyZ
Na uandike juu ya pakiti ni ya mnyama gani.

MpishiMaweni
HAINA JELATINI UKHTY!!!