Pakeji haionekani ninapoagiza klasi kutoka pakeji nyingine ya Java

Mwanagenzi:
Wakuu, habari za kazi. Ninaandika programu ndogo ya duka, na mafaili yalipokuwa mengi niliyagawa katika pakeji mbili, yaani mafungu ya klasi, kila moja na folda yake: duka.bidhaa, yenye klasi Bidhaa, na duka.mauzo, yenye klasi Risiti. Juu ya Risiti nimeandika `import duka.bidhaa.Bidhaa;`, lakini nikiwa ndani ya folda ya mauzo na kuandika `javac Risiti.java`, kompaila (programu inayotafsiri msimbo) inajibu kwamba pakeji duka.bidhaa haipo, ilhali folda yake naiona kwa macho. Nilipojaribu `import duka.*;` ikasema haiitambui Bidhaa. Nimekosea wapi?

FundiWaZamani:
Ndugu Mwanagenzi, mstari wako wa kwanza ni sahihi. Ulichokosea ni mahali uliposimama. Kompaila isipotajiwa njia ya klasi (classpath, yaani mahali pa kutafutia klasi) huanza kutafuta katika folda uliyomo, kwa hiyo ukiwa ndani ya mauzo inatafuta mauzo/duka/bidhaa/Bidhaa.java, faili ambalo kweli halipo. Rudi hadi kwenye folda iliyobeba duka, kisha uandike `javac duka/mauzo/Risiti.java`, Bidhaa itakompailiwa pamoja nayo. Baki hapohapo uiendeshe kwa `java duka.mauzo.Risiti`.

Kuhusu nyota, nukta za majina hutufanya tudhani kwamba duka ni mzazi wa duka.bidhaa, lakini kwa Java hizo ni pakeji mbili zisizo na udugu, kama vile `import java.util.*;` isivyoleta klasi za java.util.regex.

Mwanagenzi:
Nashukuru, mkuu. Pakeji sasa inaonekana, ila naambiwa Bidhaa si public na haifikiki kutoka nje ya pakeji yake. Mbona zamani zilielewana bila neno hilo?

BintiMsimbo:
Zamani zilikaa pakeji moja, na klasi isiyo na neno public huonekana na wenzake wa pakeji hiyo tu. Liweke kwenye klasi, kisha kwenye konstrakta uliyoiandika (sehemu inayounda Bidhaa mpya) na kwenye kila methodi, yaani kitendo cha klasi, inayoitwa na Risiti. Wengi huishia kwenye klasi, wakakutana na kosa jingine dakika hiyohiyo. Bei ya bidhaa yenyewe iache private, isionekane nje ya klasi yake, uisome kwa `getBei()`. Wala usishawishike kuirudisha Bidhaa katika faili lisilo na tamko la package, kwa sababu klasi ya namna hiyo haiwezi kuagizwa na klasi iliyo katika pakeji yenye jina.

FundiWaZamani:
Naongeza jambo moja, kwa kuwa risiti huwa na tarehe. Ukiagiza java.util na java.sql zote kwa nyota, jina Date litakuwa na wenyewe wawili, na kompaila itakataa kukuchagulia. Agiza java.util.Date kwa jina lake, nayo itaishinda nyota. Ile ya java.sql iandike kwa jina kamili kila unapoihitaji. Kwa programu mpya, hata hivyo, mimi ningetumia LocalDate, klasi ya tarehe ya java.time, iliyokuja na Java 8 mwaka 2014.