Hedifoni za besi nzito kwa kiziwi anayependa muziki: tupeane uzoefu

Mwanzisha mada
Wadau, swali hili halikauki: kiziwi anapenda muziki, anataka hedifoni zenye besi ya kumtosha, achukue zipi? Kila likiulizwa, jibu ni lilelile, "tafuta zenye spika ya milimita 50." Hilo ni jibu la mtu anayesikia. Wenye ujuzi wekeni hapa vitu vinavyopimika: aina, masafa (kasi ya mtetemo wa sauti, inayopimwa kwa Hz; besi ni masafa ya chini), mipangilio, na kinachoharibika. Matangazo ya duka hapana.

FundiSpika
Anza na sikio, hedifoni baadaye. Kama tatizo liko sikio la nje au la kati (ngoma imetoboka, vifupa vimekakamaa), koklea, yaani kiungo cha sikio la ndani kinachopokea sauti, bado ni nzima. Hapo hedifoni za kupitisha sauti kwenye mfupa, zile zinazokaa shavuni mbele ya sikio, zinaweza kumpa hata maneno ya wimbo. Besi yake ni nyembamba lakini, na ukipandisha sauti zinaanza kutekenya ngozi.

Uziwi wa koklea au neva ni habari nyingine. Mfupa unapeleka sauti kwenye koklea ileile iliyoharibika, kwa hiyo hakuna ulichokwepa.

Chukua cheti cha kipimo cha usikivu, angalia upande wa kushoto: 250 na 500 Hz, na 125 kama imepimwa. Wengi hubakiwa na kitu hapo hata kama juu ya 1000 Hz ni kimya kitupu. Namba ya desibeli ikiwa kubwa, usikivu ni mdogo zaidi. Mstari ukiwa kwenye desibeli 50 au 60, hedifoni ya kawaida yenye besi iliyopandishwa bado ina kazi. Ukiwa 90 na kuendelea, tafuta mtetemo. Na usidanganyike na alama iliyo chini kabisa ya karatasi kwenye 250 Hz: kwa nguvu ile, mtu mara nyingi anaitikia alichokihisi kwenye ngozi, si alichokisikia.

Mtetemo
FundiSpika kamaliza nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kutofautisha besi ya kusikia na besi ya kuhisi. Spika ya hedifoni, iwe milimita 40 au 50, inasukuma hewa kidogo tu iliyofungiwa kwenye kikombe. Inatosha kwa ngoma ya sikio, haitoshi kutikisa fuvu. Ndiyo maana hedifoni inayosifiwa kwa besi inaweza isimwambie kiziwi chochote.

Zinazofaa ni zile zenye kisahani cha pili ndani ya kila kikombe, kazi yake kutikisika tu. Mfano unaojulikana ni Skullcandy Crusher. Cha kutazama ni kama mtetemo una kidhibiti chake, mbali na kile cha sauti. Hapo unaweza kushusha sauti na kupandisha mtetemo. Zikiwa na kidhibiti kimoja, mtu atapandisha vyote mpaka mwisho ili ahisi ngoma, na usikivu mdogo uliobaki ndio utakaolipa. Kikomo cha usalama kinachotajwa na Shirika la Afya Duniani ni desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Ikifika 90, ni saa 4 tu. Koklea iliyoharibika haipati msamaha, tena wengi wenye uziwi huo sauti huwarukia ghafla kutoka "sisikii" hadi "inauma".

Kasoro kubwa ya visahani hivi ni kwamba kila kimoja kina masafa yake kinayoyapenda. Noti ikigonga hapo, kichwa kizima kinatikisika. Ikisogea kidogo, inapotea. Matokeo yake kila wimbo unakuwa ngoma ileile. Pima kabla ya kulipa: fungua programu ya kutoa toni kwenye simu, cheza 30, 40, 50, 60, 80, 100 na 120 Hz kwa sauti moja, vidole vikiwa juu ya kikombe. Nyuzi nene ya gitaa la besi iko kwenye 41 Hz, kwa hiyo zikifa chini ya 50 unapoteza noti halisi. Palipovimba, punguza desibeli 3 au 4 kwenye ikwalaiza (mipangilio ya kupandisha au kushusha kila masafa peke yake). Usipandishe kwingine kote, zitaanza kukwaruza. Ukilazimika kupandisha 6, shusha sauti ya jumla 6 vilevile.

KlabuYaViziwi
Mkuu Mtetemo, umesahau vifaa vilivyo sikioni. Shimesikio (kifaa cha kusaidia kusikia) la nyuma ya sikio lina maikrofoni juu, kwa hiyo kikombe lazima kifunike sikio lote pamoja na kifaa. Vile vidogo vya kukaa juu ya sikio vinakandamiza, na kifaa kinapiga mluzi. Mtaalamu aweke programu ya muziki: kupunguza kelele izimwe, na kuzuia mluzi ishushwe, maana huwa inaidhania noti ndefu kuwa mluzi. Kipande cha sikioni chenye matundu kinavujisha besi, kwa hiyo usitegemee shimesikio likupe ngoma.

Mwenye kipandikizi cha koklea, kifaa kinachowekwa kwa upasuaji kumpa usikivu, ana sumaku kichwani. Ukanda wa hedifoni usiiguse, na aulize watengenezaji wa kipandikizi kuhusu sumaku za spika. Mara nyingi inakuwa rahisi kupeleka muziki moja kwa moja kwenye kifaa kwa Bluetooth, mtetemo ukatoka kwingine.

Ikwalaiza
Miwani! Fremu nene inaacha mwanya, na mwanya ukiwepo besi imekwisha. Mito ya ngozi bandia inaziba kuliko ya kitambaa.

FundiSpika
Huko "kwingine" ndiko napenda zaidi. Kichwa ni sehemu ndogo. Mkanda au fulana ya mtetemo (Woojer, SUBPAC) inampa kifua na mgongo. Cha bei nafuu ni kitetemeshi cha kufunga kwenye kiti: cha omu 4 na amplifaya ya wati 50, ukikata masafa juu ya 100 au 120 Hz. Kifunge kwa skrubu kwenye mbao ya fremu, maana ukikiweka kwenye sponji mtetemo unamezwa. Miguu ya kiti iwekee mpira, la sivyo jirani wa chini anasikiliza na yeye.

Mtetemo
Kiti hakipandi basi, mkuu. Kwa matembezi hedifoni inabaki.

Ikwalaiza
Akitazama video za lugha ya alama au za kucheza, atumie waya. Bluetooth inaweza kuchelewa sehemu ya tano ya sekunde, ngoma ikamfikia baada ya mkono kushuka. Ila betri iwe na chaji: visahani vya mtetemo vina amplifaya yake, na ikiisha, waya utapitisha sauti tu.

KlabuYaViziwi
Na mwenye sikio moja lililobaki awashe sauti mono (sauti za pande zote mbili zikiunganishwa kuwa moja) kwenye mipangilio ya ufikivu ya simu. Besi nyingi huwekwa katikati, lakini gitaa na waitikiaji mara nyingi wako upande mmoja, na unaweza kuwa upande asiousikia.