Wauza taa za kumbi Kariakoo, mnatuuzia taa au mnatuuzia lebo?

Wakuu habari za jioni. Mnivumilie uzi ni mrefu, nimekaa na hili jambo wiki tatu tumbo linaniwaka na leo nimeona bora niliseme.

Mimi ni fundi taa. Kazi hii nimeianza nikiwa mbeba nyaya wa bendi, huu ni mwaka wa 11. Nafunga taa kwenye kumbi za harusi hapa Dar, send-off, kitchen party, mara moja moja na tamasha la nje. Mwaka huu nikasema ngoja nitoke kwenye par za LED (zile taa za kawaida zisizogeuka) na vile vikonsoli vidogo vya chaneli 192, nikachukua mkopo kwenye kikundi, nikauza na bodaboda yangu, nikaingia Kariakoo na milioni 14 na ushee. Nikatoka na muving hedi 6 (taa zenye kichwa kinachogeuka), konsoli moja (meza ya kuongozea taa), mashine mbili za cheche, heiza (mashine ya ukungu) na nyaya za DMX, zile zinazopeleka amri za konsoli kwenye taa. Duka silitaji, lakini mwenye duka akisoma hapa atajijua.

Nianze na konsoli maana hiyo ndo imenitia aibu mbele za watu. Imeandikwa jina la ile konsoli ya Wajerumani, MA, ambayo kila fundi taa anaota siku moja aishike. Orijino yake ni hela ya kujengea nyumba, kwa hiyo nikamuuliza kijana wa dukani mbona hii milioni nne na nusu? Akanijibu "braza hii ni kiwanda kile kile ila inaungwa China ndo maana bei imeshuka, wewe kitu kimoja tu, usiiunge kwenye intaneti, na ikikuambia iapdeti usikubali". Nikaona ni ushauri wa kitaalamu. Kumbe ile ni kopi, programu imevunjwa, ikigusa intaneti tu inaweza kukataa kuwaka, na yeye analijua hilo siku zote na bado anaiuza kama mpya yenye waranti ya mwaka.

Sasa Jumamosi nina harusi, ukumbi umejaa, kama watu 400. MC anatangaza bibi harusi yuko mlangoni, watu wote wasimame. Nimepanga kila kitu tangu asubuhi, heiza imeshatandaza ukungu mwembamba ili miale ionekane, nabonyeza kuingiza ile sini ya mlangoni, yaani mpangilio wa taa niliouhifadhi, skrini inaganda. Nabonyeza tena, kimya. Fada, vile vitelezi vya kupandisha na kushusha mwanga, hazijibu, taa zimebaki pale pale zilipokuwa, nyekundu, na mbili kati ya hizo zimetazama meza ya wazazi moja kwa moja. Nikamwona mama mzazi wa binti amejifunika macho na kitenge, mjomba mtu kageuza kiti. Bibi harusi kasimama mlangoni gizani na baba yake, wimbo wa kuingilia umeisha, DJ kaurudia mwanzo, na mimi nahangaika kuizima na kuiwasha dubwana inayochukua dakika nne nzima kuamka. Baada ya shughuli baba yake akanifuata, hakunifokea, akaniambia "mwanangu, ile dakika haitarudi." Nilirudi nyumbani sijala hadi kesho yake.

Jumapili nikaifungua. Ndani kuna ubao wa kompyuta ya kawaida ya mezani tena wa siku nyingi, diski imeshikiliwa na selotepu, vitufe vimegandishwa na gundi ya moto, feni moja haizunguki kabisa. Yaani kwa joto la Dar, ukumbi umejaa watu, feni haizunguki, unategemea nini kama sio kuganda?

Nikasema basi ngoja nipime na vingine. Muving hedi ziliuzwa kama 17R (hiyo ni namba ya aina ya balbu), wati 380, na lebo nyuma inasema hivyo hivyo. Nikachukua klampu mita, kile kipimo cha kubana kwenye waya kuona umeme unaopita, nikawasha taa moja peke yake, ikaonyesha ampea 1.3. Taa ya wati 380 ukijumlisha na mota na feni ilitakiwa inywe karibu ampea 2 kwa umeme wetu wa volti 230. Nikafungua kifuniko, balbu ni 7R, wati 230. Lebo mpya imebandikwa juu ya lebo ya zamani, ukikwangua kwa kucha unaiona ya chini. Taa sita zote! Siyo kwamba 7R ni taa mbaya, nimeshazitumia na zinapiga vizuri tu, shida umenitoza hela ya kitu kingine.

Nyaya nisizungumze sana. Nimepasua moja, ni waya wa maiki umevalishwa ganda limeandikwa DMX. DMX inapeleka data biti 250,000 kwa sekunde, inataka waya wa omu 110 hadi 120, ukiweka wa maiki kwa umbali mrefu taa ya mwisho inaanza kutetemeka na kugeuka yenyewe, halafu mteja anasema fundi hajui kazi. Nimelaumiwa mara ngapi kwa waya wa mtu mwingine?

Lakini kilichonifanya nikae niandike ni zile mashine za cheche. Hili naomba kila mwenye ukumbi alisome. Dukani waliniambia "huu ni moto baridi, hata ukiweka mkono hauungui, weka popote, hata chini ya mapambo". Zile cheche ni unga wa madini, titani na zirkoni, unapashwa moto ndani ya mashine ndo unarushwa juu. Nimewasha moja uani kwangu juu ya kipande cha kapeti, sekunde kumi na tano tu, kapeti imetoboka matundu madogo madogo kama imechomwa na sigara. Sasa kumbi zetu mnazijua, dari lote limefunikwa vitambaa vya kitetroni, maua ya plastiki hadi chini, na watu wa mapambo wanapenda mashine ikae karibu kabisa na maharusi ili picha itoke.

Septemba 2023 kule Qaraqosh, Iraki, harusi ilishika moto hivi hivi, fataki za ndani zikarukia mapambo ya dari, wakafa watu zaidi ya 100. Januari 2013 Santa Maria, Brazili, klabu ya usiku, cheche za jukwaani zikashika dari, 242 wakafa. Halafu mtu anamwambia mteja weka popote! Huyu haibi hela tu, huyu siku moja atatuzikisha watu. Mashine zangu zote mbili zimekaa stoo na haziwaki tena ndani ya ukumbi hata mteja alipe mara mbili.

Nilirudi dukani na kila kitu, na picha, na video ya klampu mita. Kwanza kijana akajifanya hanikumbuki. Bosi alipokuja akanionyesha maandishi kwenye risiti, mali ikishauzwa hairudishwi. Nikamuuliza na waranti ya mwaka je? Akasema waranti ni ya balbu. Nimewapigia mara tisa tangu siku hiyo, sasa hivi hawapokei.

Risiti ya EFD ninayo, maboksi ninayo, lebo mbili zilizobandikwa juu ya nyingine nimezipiga picha kabla sijazigusa. Jumatatu asubuhi naenda FCC, Tume ya Ushindani, kwa sababu bidhaa bandia ni kazi yao. Kama na wewe umenunua muving hedi Kariakoo mwaka huu, kwangua lebo ya nyuma taratibu uone kuna nini chini, na ukikuta kama langu nicheki PM twende wote, mtu mmoja watamzungusha.