Deraya limepita juu ya muhogo wangu, naambiwa "ingekuwa vita ungeuliza?"

Wakuu salaam. Niko Tanga, shamba liko huku ndani ukiiacha barabara ya Pangani. Kijiji sikitaji na kikosi sikitaji, nataka kulala kwangu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite.

Kabla sijaitwa msaliti: jeshi lifanye mazoezi. Baba mdogo alikwenda vita vya Kagera, karudi na mguu mzito mpaka leo, na kwetu hakuna anayebeza kombati. Ugomvi wangu ni heka mbili.

Tangazo lilibandikwa kwa mtendaji Ijumaa jioni, ofisi imeshafungwa. Jumatatu alfajiri tukasikia ngurumo. Nilipofika shamba niliona njia mbili zimechorwa toka mwembeni hadi bondeni, pana kama mlango wa duka, zimekata katikati ya mahindi yaliyokuwa yanatoa mbelewele. Muhogo ndio umeniuma zaidi. Ni mbegu ya Kiroba, ya miezi minane, umesagwa na udongo hata ukiuchimba huoni mzizi wapi na tope wapi. Bwana shamba alipokuja kuhesabu, wiki tano baadaye, yale matairi yameshakuwa madimbwi, viluwiluwi wanaogelea, na magugu yamefunika kote. Akaandika "mashina hayaonekani". Sasa yangeonekanaje?

Mbuzi wa mama katupa mimba kwa ile mishindo. Hilo sikuandika, najua watanicheka. Watoto ndio wamefaidi, wanaokota maganda ya risasi baridi wanapigia miluzi.

Ukaitishwa mkutano. Nikasimama nikauliza fidia. Mkubwa mmoja aliyekuja kututuliza akanijibu kwa upole kabisa: "Mzee wangu, ingekuwa vita kweli, ungesimama kuuliza muhogo?" Watu wakacheka. Na mimi nilicheka, ndiyo aibu yenyewe. Nimefika nyumbani ndipo hasira zikapanda.

Basi namjibu hapa, kule nilinyamaza. Ndiyo, ningeuliza. Na watu wameuliza, vita ikiwa inawaka.

Toka 1942 hadi 1944 Wamarekani waliligeuza eneo la katikati ya jimbo la Tennessee kuwa uwanja wa mazoezi. Si kambi yenye uzio, ni mashamba ya watu, ng'ombe wamo, mahindi yamo. Askari zaidi ya 800,000 walipitishwa pale kwa zamu, mto Cumberland ukichukuliwa kama ndio Rhine wa Ujerumani, wajifunze kuuvuka kabla hawajaukuta wenyewe. Vifaru vilikata nyua za wakulima, vikavuruga barabara za vumbi. Na nyuma ya vikosi walipita watu wa jeshi hilohilo kurekebisha nyua na kupokea madai ya wenye mashamba. Vita ya dunia, wakuu! Hitler yuko hai, na mtu anaulizwa uzio wake ulikuwa na urefu gani. Mimi sina Hitler, nina mtendaji.

Mje mniambie "Wazungu ni wastaarabu" niwacheke. Waingereza walifanya kinyume. Kijiji cha Imber, kusini mwa Uingereza, wenyeji walipewa siku 47 wahame Novemba 1943 ili Wamarekani wajifunze vita vya mitaani kwa ajili ya kutua Ufaransa. Wengi walikuwa wapangaji, ardhi si yao, kwa hiyo walichoambulia ni kidogo sana. Walihama wakiamini watarudi vita ikiisha. Vita iliisha 1945. Mpaka leo Imber ni ya jeshi, wenyeji hawakurudishwa, kanisa tu ndilo linafunguliwa siku chache kwa mwaka. Desemba hiyohiyo ya 1943, hukohuko Uingereza, pwani ya Slapton, walihamishwa watu kama 3,000. Wale wa Slapton walirudi. Kwa hiyo kumbe inawezekana kurudisha, na inawezekana kutorudisha, na vita ni ileile moja. Aliyeamua ni mtu mwenye kalamu, si vita. Ndiyo maana lile jibu la "ingekuwa vita" silikubali hata kidogo.

Turudi kwenye fomu. Mjomba wangu ana mizinga ya nyuki, sita, ilikuwa juu ya mbuyu. Gari limeparamia mbuyu, minne ikaanguka ikapasuka. Mzee kajaza fomu kwa mkono wake: "Mizinga minne imeharibika". Wilayani kijana wa mapokezi kaisoma, kamwangalia, kaisoma tena, kauliza: "Mzee, mizinga umeitoa wapi?" Wallahi sitanii. Ilibidi aandike upya "mizinga ya nyuki", na tarehe ya kupokelewa ikahesabiwa upya, akawa nje ya siku kwa siku mbili. (Nyuki wa Tanga waliwatimua askari wa Mwingereza mwaka 1914, leo wanashindwa na karani.)

Wazee husema Tanga ni ya waja leo waondoka leo. Hawa wamekuja na wameondoka, mitaro wametuachia. Masika yanakaribia na maji sasa yanashuka kwa zile njia za matairi moja kwa moja hadi kisimani kwa mama.

Ninachoomba kwenu: kuna aliyewahi kulipwa? Si aliyeahidiwa, aliyelipwa, hela ikaonekana kwenye simu. Ulipeleka karatasi ofisi gani, ulitaka sahihi ya nani, picha zilikubaliwa? Ninazo picha 31, nilipiga siku ileile asubuhi, mahindi bado yanavuja maji. Fomu yangu inarudi wilayani Alhamisi, na ile sehemu ya "mali nyinginezo" ina mstari mmoja tu. Sijui niandike kisima au mbuzi.