Mrejesho: programu iliyozunguka bila kukoma kwenye Raspberry Pi tu

Wakuu, narudi kama nilivyoahidi. Niliuliza kwa nini kifurushi changu cha programu ya lugha ya C kinakwenda vizuri kwenye laptopu ya amd64 (prosesa za Intel na AMD), lakini kwenye Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya arm64 (prosesa za ARM), kinazunguka tu na kula prosesa yote.

Aliyeniambia nitazame `char` (aina ya data ya C ya baiti moja) alipiga penyewe. Kwenye Linux ya amd64 `char` hubeba namba hasi. Ya arm64 haibebi. Mimi nilikuwa naweka jibu la `getopt` (inayosoma chaguo za mstari wa amri na kurudisha -1 zikiisha) ndani ya `char`, basi ile -1 ya kumalizia ikageuka 255 na kitanzi hakikuisha. Nimeweka `int` (namba kamili, hubeba hasi kote), kimetulia. Neno moja tu, wiki mbili za kukosa usingizi! `-fsigned-char` (swichi ya kompaila inayolazimisha `char` ibebe hasi) nayo ilisaidia, ila niliona ni kufunika kombe mwanaharamu apite, nikaiondoa.

Mkuu uliyenitajia QEMU (programu ya kuiga mashine za aina nyingine), asante sana, nimeweza kujaribu s390x (mashine kubwa za IBM) bila kuwa na mashine yenyewe. Huko majaribio 2 bado yanafeli: nasoma namba kutoka kwenye faili moja kwa moja, na s390x hupanga baiti za namba kinyume na hizo mbili. Tatizo hilo nimelifungulia ripoti yake peke yake, lisichanganyike na la arm64. Bado liko wazi.